Wiki ya bamvua kwenye delta za Puget Sound: kuwafuata vifaranga vya samoni

Jumapili, maandalizi

Ratiba ya safari hii inapangwa na mwezi. Puget Sound, ghuba iliyo katika jimbo la Washington kaskazini magharibi mwa Marekani, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kupwa kumoja ni kukubwa kuliko kwingine. Majira ya machipuko kule kupwa kukubwa huangukia karibu na adhuhuri, na maji huwa yamejaa alfajiri. Wakati wa baridi mambo hugeuka, kupwa kukubwa kunakuwa usiku. Kwa hiyo mwisho wa Aprili na Mei ndio wakati mzuri: vifaranga wengi wameshafika kwenye delta, na maji yanatoka mchana kweupe.

Tunaanza kazi siku mbili tatu baada ya kilele cha bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida), kilele chenyewe tunakiacha. Kwenye kilele mkondo una nguvu ya kung'oa nguzo za nyavu, na mahori madogo, yaani vijito vya kinamasini vinavyojaa na kutoka maji ya bahari, hukauka mpaka chini kabla hujawatoa samaki. Kwenye maji mafu, siku za kujaa na kupwa kudogo, nako hakuna faida, kwani maji hayapandi hadi kwenye majani na vifaranga hawana sababu ya kuingia ndani.

Vifaa vinavyosahaulika mara nyingi ni vile vya bei ndogo: pampu za hewa za betri pamoja na betri za akiba, chupa za maji yaliyoganda za kupoza ndoo, penseli (wino huyeyuka), karatasi zisizolowa, magadi ya soda kwa ajili ya dawa ya usingizi. Na kibali. Samoni aina ya chinuki wa Puget Sound wamo kwenye orodha ya sheria ya viumbe walio hatarini tangu 1999, hivyo kila kifaranga anayeshikwa anahesabiwa, na anayekufa anahesabiwa peke yake. Idadi iliyoruhusiwa ikifika, kazi inasimama hata kama ni katikati ya juma.

Jumatatu, Nisqually: uzio ndani ya hori

Mto Nisqually unaanza kwenye barafu ya Mlima Rainier na kuingia kusini mwa Puget Sound, ambako tofauti ya maji kujaa na kupwa ni kama mita 4. Mwanzoni mwa karne ya 20 delta yake ilizungushiwa tuta ili ilimwe na kufugiwa. Mwaka 2009 tuta la shamba la Brown liliondolewa, na ekari 762, yaani karibu hekta 308, zikarudi kupata maji ya bahari. Watu wa Nisqually, kabila la wenyeji wa asili, walikuwa wameshatangulia kufungua maeneo yao upande wa mashariki wa mto. Hifadhi ya wanyamapori iliyopo hapa tangu 2015 ina jina la Billy Frank Jr., mvuvi wa Nisqually aliyekamatwa mara nyingi akitetea haki ya watu wake kuvua samoni kwenye mto huu, na linastahili kuwa hapa.

Kazi ya leo ni uzio: wavu wenye mabawa mawili yanayofunga hori kutoka ukingo hadi ukingo, na katikati mfuko wenye koo jembamba. Matundu ni ya milimita 3, kwa sababu chinuki anapotoka kwenye changarawe ana urefu wa kama milimita 35 hadi 40 na ni mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Matundu ya milimita 6 yanampitisha bila kumgusa.

Nguzo huchomekwa siku iliyotangulia, maji yakiwa yamepwa, ili uone sakafu ya hori. Mfuko lazima ukae mahali penye kina kuliko pote, penye kidimbwi kinachobaki na maji hata hori likitoka lote. Asiyefanya hivi huishia na samaki waliolala kwenye tope ndani ya mfuko. Kukiwa hakuna kidimbwi cha asili, chagua hori jingine, usichimbe.

Alfajiri, maji yakisimama, mabawa yanavutwa taratibu kutoka kila ukingo hadi yakutane. Kinachofuata ndicho kinachoamua siku nzima: kamba ya chubwi, ile yenye vizito chini ya wavu, inakanyagwa ndani ya tope, hatua kwa hatua, pande zote mbili. Mwanya wa ukubwa wa ngumi chini ya wavu unatosha kupitisha nusu ya samaki, kwa kuwa vifaranga wanaoondoka na maji hufuata ukingo na sakafu wakitafuta upenyo. Ukingo wa tope laini ukimomonyoka, bawa linabaki likining'inia. Hapo dawa ni mifuko ya mchanga iliyowekwa kabla, maana baadaye mkondo haukupi nafasi.

Saa mbili za mwanzo hakuna mengi. Vifaranga hung'ang'ania ndani mpaka maji yatoke kwenye majani na kubaki ndani ya hori tu, ndipo wanashuka kwa wingi. Kuanzia hapo mfuko unaangaliwa kila baada ya dakika 20 hadi 30. Mwani na majani makavu huziba matundu, wavu unavimba kama tanga, na nguzo zinaanza kuinama. Kuusafisha mapema ni rahisi kuliko kuuinua ukishalala. Jambo la pili la kuangalia ni wale samaki wa kichwa bapa chenye miiba shavuni, wanaojizika kwenye tope na kumeza chochote kinachoingia mdomoni. Hao wanatolewa kwanza. Wakiachwa robo saa na vifaranga ndani ya mfuko, hesabu yako inaingia matumboni mwao.

Kuwatenganisha samoni wadogo kunataka mwanga mzuri na chombo cheupe. Chinuki ana madoa mapana ya wima ubavuni, yanayoshuka chini ya mstari wa ubavu, na lile pezi dogo la nyama karibu na mkia lina ukingo mweusi na kidirisha kinachopitisha mwanga katikati. Kwa koho pezi hilo lina rangi lote bila kidirisha, na pezi la chini nyuma ya tumbo lina ukingo mweupe mrefu uliopinda kama mundu. Chamu ana mgongo wa kijani, na madoa mafupi yanayokomea karibu na mstari wa ubavu. Pinki hana madoa kabisa. Chamu ndio wengi kwenye Nisqually msimu huu, kwa sababu mto huu una chamu wanaopanda kuzaa katikati ya baridi.

Pezi dogo la nyama likiwa limekatwa, samaki ametoka kituo cha kutotolesha. Lisipokatwa, bado pitisha kifaa cha kugundua chuma puani: baadhi hubeba kipande cha waya cha milimita 1.1 ambacho huwezi kukiona kwa macho.

Dawa ya usingizi ni trikeini, miligramu 50 hadi 80 kwa lita moja. Inachachusha maji, na maji ya mto huu ni laini, kwa hiyo magadi ya soda huongezwa kwa uzito usiopungua ule wa dawa. Samaki watano au sita kwa mara moja, hawazidi. Akipoteza mizani anatolewa, anapimwa kutoka puani hadi kwenye mpasuko wa mkia, anapimwa uzito, anapelekwa kwenye ndoo yenye hewa mpaka aogelee akiwa wima. Maji ya ndoo yakifika nyuzi 18 za Selsiasi tunaacha kupima urefu, tunahesabu tu na kuwaachia. Takwimu pungufu inavumilika.

Mwisho wa siku kuna jaribio ambalo wengi huliruka: vifaranga waliotiwa rangi kwenye ncha ya mkia huachiwa ndani ya hori, nyuma ya uzio, maji yakiwa yamejaa, kisha tunatazama wangapi watakamatwa tena. Bila kiwango hicho, hori lenye vidimbwi vingi litaonekana halina samaki kumbe wamebaki ndani, na hori linalokauka lote litaonekana tajiri.

Jumanne, Nisqually: wanakula nini

Kuwakuta samaki kwenye kinamasi kilichofunguliwa ni hatua ya kwanza tu. Tuta likiondoka, vifaranga wanaweza kuingia msimu uleule, maji huwabeba. Swali ni kama wanashiba.

Mitego ya wadudu iliwekwa jana. Ni mabeseni ya plastiki yanayoelea kati ya vijiti vinne, ili yapande na kushuka na maji bila kupinduka, yakiwa na maji ya sentimita chache na tone la sabuni isiyo na harufu. Sabuni inavunja ngozi ya maji na mdudu anazama. Baada ya saa 24 au 48 maji yanachujwa na wadudu wanahifadhiwa kwenye alkoholi. Beseni likifungwa kwenye kijiti bila nafasi ya kuteleza, bamvua hulifunika na kazi imekwisha.

Kwenye tope tunachota kwa bomba la plastiki, kina cha sentimita 10, kisha tope linachujwa kwenye chekecheo la milimita 0.5. Humo mnabaki minyoo, konokono wadogo na amfipodi, wale jamaa wadogo wa kamba wanaojenga vijumba vya tope.

Kisha tumbo lenyewe. Kwa samaki wanaozidi milimita 55 hivi, sindano butu iliyojaa maji yaliyochujwa huingizwa mdomoni taratibu hadi kwenye mfuko wa tumbo, maji yanasukumwa, na chakula kinatoka chote kwenye kichujio. Samaki anaamka na kuondoka zake. Ukimkamua hivi chinuki aliyetoka kwenye hori lenye majani ya jamii ya ndago kingoni, unachokiona kwenye kisahani mara nyingi ni visubi: mabuu yenye vichwa vya kahawia, pupa waliokuwa wakipanda juu ya maji kuanguliwa, na wazima wenye mabawa bado yamekunjana. Yule wa kwenye tope tupu huleta zaidi amfipodi. Chamu, akiwa mdogo, huchagua kopepodi (jamaa wa kamba walio wadogo zaidi) wanaoishi juu ya tope na kwenye nyasi za bahari, ndiyo maana yeye na chinuki wanaweza kukaa hori moja bila kupokonyana sana.

Hapa ndipo Nisqually inapofundisha. Ardhi iliyokaa nyuma ya tuta kwa karibu karne moja ilizama: udongo wa mboji ulikauka na kuoza, mifugo ikakanyaga, na tope jipya la mto halikuingia. Ilipofunguliwa, sehemu kubwa ya ndani ilikuwa chini kuliko kinamasi kilichosalia nje. Majani ya kinamasi yana kipimo chake cha kimo. Chini ya hapo yanafunikwa na maji muda mrefu mno na hayaoti, panabaki tope. Dawa ya asili ni mto kuleta mashapo, lakini juu huko kuna bwawa la Alder, lililokamilika 1945, ambalo huyazuia mengi. Kwa hiyo maeneo ya chini yanapanda polepole sana. Tope hilo bado lina chakula na samaki wanalitumia, ila usilipime kwa kipimo cha kinamasi chenye majani, wala usimwahidi mtu kwamba majani yataota yenyewe.

Jumatano, Qwuloolt kwenye mto Snohomish

Kabla ya kuondoka kusini, nyavu, mabuti na ndoo husuguliwa tope lote, kisha vilivyoweza kugandishwa vinagandishwa usiku kucha na vingine kumwagiwa maji ya moto. Konokono wa matope wa New Zealand aligunduliwa mwaka 2009 kwenye ziwa Capitol mjini Olympia, si mbali na Nisqually. Ni mdogo kama punje ya mchele, na mmoja tu anatosha kuanzisha kizazi kizima kwa sababu jike huzaa bila dume. Kumpeleka kwenye delta nyingine kwa buti la mtafiti itakuwa aibu isiyofutika.

Qwuloolt iko ukingoni mwa mji wa Marysville. Tuta lake la upande wa Ebey Slough lilibomolewa Agosti 2015, kazi ikiongozwa na watu wa Tulalip, wenyeji wa asili wa huku, na kama ekari 350 zikapata maji. Kabla ya siku hiyo kulijengwa tuta jipya nyuma ili mji usifurike. Vijito viwili, Allen na Jones, hupita humo, kwa hiyo koho wanaoshuka navyo wanakuta kinamasi mlangoni mwao, wakati chinuki wanaingia kutoka mto mkuu kupitia lile pengo.

Siku hii hatuvui sana. Tunatembea na kifaa cha kupimia kimo cha ardhi, kwa kuwa umbo la ardhi ndilo linaloamua kama kifaranga ataingia na kama atatoka.

Mfereji wa tuta ndio adui wa kwanza. Kila tuta la zamani lilijengwa kwa udongo uliochimbwa pembeni yake, na shimo lile likabaki kuwa mfereji mrefu ulionyooka. Ukibomoa tuta na kuuacha mfereji, maji huufuata huo, kwa kuwa ni njia rahisi, na mahori ya zamani yenye kona hayapati nguvu ya kujichimba. Yanajaa tope. Samaki nao hupita mferejini bila kufika kwenye majani. Kwa hiyo mfereji unafukiwa, au angalau unazibwa kwa vizibo kila umbali fulani, na mahori ya mwanzo yanachimbwa yakifuata alama za yale ya kale zinazoonekana kwenye picha za angani.

La pili ni upana wa pengo. Ukiwa mdogo kulingana na eneo lililo ndani, maji yote yanajibana hapo na mkondo unakuwa mkali. Kifaranga wa milimita 40 hawezi kushindana na mkondo huo. Ataingia pale tu maji yanapokaribia kusimama, muda mfupi, na huenda akatolewa nje bila hiari. Pengo linaweza kujipanua lenyewe kwenye udongo laini, lakini kwenye tuta lililopangwa mawe halipanuki, lazima mawe yang'olewe.

La tatu ni mashimo yasiyo na mlango. Maji yakipwa, vidimbwi vilivyotengwa hupata joto, oksijeni inashuka, na korongo anajua ratiba kuliko sisi. Kila kidimbwi chenye samaki ndani tunakiwekea alama, tunapima joto na oksijeni asubuhi na alasiri. Kidimbwi chenye kina na kivuli si tatizo. Cha sentimita 10 juani ni tatizo, na mtaro mwembamba wa kukiunganisha na hori unalimaliza.

Mimea ya maji yasiyo na chumvi iliyokuwa imetawala nyuma ya tuta hufa chumvi ikiingia, na kwa misimu kadhaa eneo linaonekana chakavu. Wapita njia hulalamika. Ni hatua ya kawaida.

Alhamisi, Skagit: Fir Island

Skagit ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Puget Sound, na chinuki wake wengi ni wa kuzaliwa mtoni. Karibu na bahari unagawanyika, tawi la kaskazini na la kusini, na katikati ndipo ilipo Fir Island, nchi ya mashamba iliyozungukwa na matuta. Wiley Slough ilifunguliwa mwaka 2009 na Fir Island Farm 2016. Hii ya pili ni pia mahali bata bukini weupe kutoka kisiwa cha Wrangel, Urusi, wanapokaa wakati wa baridi. Hufukua mizizi kinamasini, na anayepanda majani mapya hapa bila kuyakinga anawaandalia karamu.

Mashamba ya jirani bado hutoa maji yao kupitia milango inayojifunga maji yakijaa. Baadhi imewekewa boya linalouacha mlango wazi mpaka maji yafike kimo fulani, kwa nia ya kuwapitisha samaki. Tunaweka uzio kwenye hori lililo nyuma ya mlango wa namna hiyo na kwenye hori lililo wazi, siku ileile. Tofauti ndiyo iliyokwisha kuripotiwa katika uchunguzi wa delta hizi: chinuki wachache nyuma ya mlango, wengi kwenye hori lisilo na kizuizi. Sababu ni ya wazi. Vifaranga huingia na maji yanayopanda, na mlango hufungwa wakati hasa wanapofika. Mlango ni bora kuliko ukuta, lakini usihesabiwe kuwa sawa na kinamasi kilichofunguliwa.

Skagit ndiko ilikoeleweka vizuri kwa nini eneo lenyewe lina thamani. Vifaranga wanaoshuka hawafuati njia moja: wengine hukua mtoni kwa miezi, wengine hukaa kwenye delta wiki kadhaa mpaka wakaribie milimita 70, na wengine hupitiliza hadi baharini wakiwa bado na milimita 40. Mwaka ambao vifaranga ni wengi, kundi la mwisho linaongezeka, na wale waliobaki kwenye delta wanakuwa wadogo kuliko kawaida. Yaani delta imejaa. Uwezekano wa kurudi kuzaa kwa aliyesukumwa nje akiwa mdogo hivyo ni hafifu, kwa hiyo kila hori linalorudishwa ni nafasi ya ziada kwa samaki ambao tayari wapo.

Ijumaa, ghuba ya Skagit: juya

Nje ya delta uzio hauna kazi. Tunatumia juya, wavu mrefu wa kuzungushia samaki, la kama mita 24, kina mita 1.8, matundu yaleyale madogo. Mmoja anashika kamba ufukweni, mwingine anatembea na maji ya kiunoni, au anatumia mashua, akizungusha nusu duara kuelekea mkondo unakotoka. Ncha mbili zikikutana, chubwi zinavutwa kwanza na kubaki chini; ukiinua kamba ya chini hata kidogo, vifaranga wanapita. Juya haliburutwi hadi mchangani. Linaachwa na maji ya kiwiko cha mkono, na samaki wanachotwa kwa kikombe, kwa sababu magamba ya samoni anayejiandaa kwa bahari hubanduka kwa kuguswa tu. Ukiona vidole vinang'aa kama fedha, umeshamdhuru.

Kwenye ghuba hii vifaranga waliopitiliza delta hujificha kwenye vijihori vidogo vya pwani, hata visivyo na mto wa samoni. Hukaa kwenye tabaka jembamba la maji yenye chumvi kidogo juu ya maji mazito ya bahari. Kipima chumvi kikizamishwa nusu mita peke yake kinaweza kukudanganya. Pima juu kabisa, kisha kila nusu mita hadi chini.

Vifaranga wa tawi la kaskazini wangefika kwa urahisi ghuba ya Padilla kupitia mfereji wa Swinomish, lakini tuta la McGlinn na gati la mawe vinawazuia. Nyasi za bahari za Padilla ni nyingi mno, na zinabaki mbali na mto ulio jirani kwa sababu ya ukuta huo. Kuufungua ndiko ningekuweka mbele ya miradi mingine mingi midogo.

Jumamosi, maabara

Vifaranga waliokufa nyavuni hawatupwi. Mawe yao ya sikio, vijiwe vidogo vilivyo ndani ya kichwa, hutolewa, hugandishwa kwenye kioo kwa gundi na kusagwa kwa karatasi laini mpaka katikati ionekane. Kila siku huacha pete moja. Kuna alama inayojitokeza samaki anapoingia kwenye maji ya delta. Pete baada ya alama hiyo ni siku alizokaa, na upana wa pete ni kiasi alichokua. Ukisaga dakika chache za ziada, pete za ukingoni, ambazo ndizo za delta, zinapotea. Kwa hiyo saga, tazama, saga tena.

Ili pete hizo ziseme kitu, lazima kuwe na za kulinganisha. Kwenye mto Salmon huko Oregon matuta yaliondolewa 1978, 1987 na 1996, hivyo watafiti walipata vinamasi vya umri tofauti kando ya ambacho hakikuwahi kufungwa. Mradi mpya unaweza kujipatia nusu ya faida hiyo ukianza kuvua misimu miwili kabla ya tuta kuguswa, ndani na nje, kwa nyavu zilezile na kwenye maji ya kimo kilekile. Bajeti nyingi hukata kipengele hicho kwanza. Kikishakatwa hakuna namna ya kukirudisha, maana tuta likiondoka, hali ya awali imeondoka nalo.